Kisagio cha Kahawa na Mikono ya Nyumbani

Katika kurasa hizi husomwa mara nyingi habari za mambo makubwa: habari za Kanisa, za shule, za amani ya nchi yetu. Leo twataka kuwaletea jambo dogo la jikoni, nalo ni mashine ya mkono ya kusagia kahawa, ambayo hapa tutaiita kisagio. Huenda mtu akacheka na kusema: Je, mwalimu amekosa la kuandika? Lakini tumeona kwa macho yetu wenyewe kwamba chombo hiki, kikirekebishwa vizuri na kutumiwa kwa akili, huondoa mzigo katika mikono ya mama mmoja na kuugawa katika mikono ya watu wote wa nyumba. Tena hurudisha mezani kahawa iliyoota katika udongo wetu wenyewe. Mambo hayo mawili yafaa kuandikwa.

Kahawa si mgeni kwetu

Wengi katika vijana wetu hudhani kwamba kahawa ni kinywaji cha Wazungu, kilichotujia ndani ya mikebe. Sivyo. Kasongo ya kale, ambayo mahali pake twapaita Tongoni mpaka leo, ilikuwa mji mkubwa wa Waarabu na Waungwana waliotoka pwani. Njia yao kutoka ziwa Tanganyika ilipita Kabambare, ikafika Kasongo, ikaendelea mpaka Nyangwe penye mto Lualaba. Mji ule ulitekwa tarehe 22 Aprili 1893 na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yakiongozwa na Dhanis. Daktari mmoja Mwingereza, Sidney Hinde, aliyefuatana na majeshi hayo, alitoa kitabu mwaka 1897, akasimulia jinsi ghala za Kasongo zilivyokutwa zimejaa mchele, kahawa na mahindi, na jinsi bustani zake zilivyokuwa na machungwa, mapera na maembe. Hatusahau kwamba utajiri ule ulichanganyika na machozi ya watumwa. Hata hivyo habari hiyo yatufundisha kwamba kahawa ilikuwa imekwisha kuwekwa ghalani hapa kabla Wabelgiji hawajauteka mji.

Tena kuna jambo kubwa kuliko hilo. Kahawa iitwayo robusta asili yake ni misitu ya Afrika, na mbegu zilizoifanya ijulikane ulimwenguni zilitoka nchi hii ya Kongo, upande wa mto Lomami, ambao hupita magharibi ya Lualaba yetu. Mwaka 1900 wauza mimea wa mji wa Brussels waitwao Linden waliitangaza kwa jina hilo la robusta, na muda si muda ikapelekwa mpaka kisiwa cha Java huko Asia, ambako mibuni ya aina nyingine ilikuwa ikifa kwa ugonjwa wa kutu ya majani. Wanafunzi wanaosoma Kilatini watalitambua jina hilo mara moja: robustus maana yake ni mwenye nguvu. Nayo kweli ina nguvu, kwa maana huvumilia nchi ya chini yenye joto kama ya kwetu, na dawa yake ya kuondoa usingizi ni karibu mara mbili ya ile ya kahawa ya milimani iitwayo arabika.

Basi imekuwaje watu wa nchi yenye kahawa wanunue kahawa dukani? Sababu ni nyingi. Mwezi wa Novemba 1973 Serikali ya wakati ule ilitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yapewe wananchi, na mashamba mengi katika nchi yakaanguka kwa kukosa matunzo. Katika miaka iyo hiyo ugonjwa wa kunyauka kwa mibuni ulizuka upya kaskazini-mashariki ya nchi, ukaharibu mashamba ya robusta, ukaonekana Uganda mwaka 1993. Kisha zikaja vita za 1996 na za 1998 hadi 2003, ambazo kila jamaa ya Maniema yazijua kwa misiba yake. Barabara ziliharibika, wanunuzi wakaacha kuja. Leo mara nyingi utaona mibuni miwili mitatu imesimama nyuma ya nyumba. Buni zake zaanguka chini, au zauzwa kwa bei ndogo hata kabla ya kukaangwa, na mwenye nyumba anakwenda dukani kununua kipakti cha unga uliotoka ng'ambo. Yaani auza kilo, anunua kijiko.

Kinu cha sombe na bega la mama

Asiye na kisagio hutwanga. Kutwanga si jambo la aibu, kwa maana watu wa pwani wametwanga kahawa kwa vinu vya mti na vya chuma tangu zamani, nao hujua kahawa nzuri. Lakini katika nyumba zetu nyingi kinu ni kimoja tu. Ndicho cha kutwangia sombe, ndicho cha karanga, ndicho cha pilipili. Sasa kahawa ina tabia moja: hushika upesi harufu ya kitu cho chote kilicho karibu nayo. Ukiitwanga katika kinu cha karanga, mafuta ya karanga yaliyobaki katika mti huingia ndani yake, na baada ya siku mbili huchacha. Tena mchi haupimi. Chembe nyingine huwa vumbi, nyingine hubaki nusu nzima.

Yafaa kueleza kwa nini jambo hilo huharibu kinywaji. Maji ya moto yanapopita katika kahawa hutoa kwanza ladha tamu na harufu nzuri, na mwisho hutoa uchungu. Vumbi hutoa vyote kwa dakika chache, pamoja na uchungu. Kipande kikubwa hakijatoa hata nusu ya kilicho ndani yake. Basi kikombe cha namna hiyo kina makosa mawili kwa wakati mmoja: ni kichungu, na bado ni chepesi. Watu wakiionja husema robusta yetu ni mbaya. Mara nyingi buni hazina kosa, kosa liko katika kusaga.

Lakini sababu iliyotufanya sisi tushughulike na jambo hili haikuwa ladha. Ilikuwa bega la shemeji yetu. Mama huyu, dada mkubwa wa mama wa watoto wetu, ni mjane. Alikuja kukaa kwetu Kasongo mwaka 2019, alipokimbia mapigano ya watu wenye silaha upande wa Salamabila, katika wilaya ya Kabambare. Alikuja na binti mmoja na mzigo mmoja wa nguo. Kwa kuwa hakupenda kula jasho la wengine, alianza kuuza kahawa asubuhi njiani pa kuelekea sokoni, kikombe kimoja kimoja, pamoja na mihogo ya kuchemsha. Feza ile ndiyo iliyolipa karo ya binti yake. Maana katika mwaka uo huo wa 2019 Serikali ilitangaza elimu ya bure katika shule za msingi za umma, lakini katika sekondari wazazi wanaendelea kulipa.

Kila siku aliamka jogoo wa kwanza apate kutwanga. Tulikuwa tukisikia mchi tungali kitandani. Baada ya miezi kadhaa bega la kuume lilianza kumwuma, hata akashindwa kuinua ndoo ya maji. Akafunga kitambaa, akaendelea. Asubuhi mbili hakuweza kabisa, na mwisho wa mwezi karo ikapungua. Binti akasema ataacha shule amsaidie mama yake. Hapo tulitambua kwamba jambo la kinu si jambo la jikoni tu. Katika nyumba ile walikuwamo watu wenye mabega mazima, wanaume kwa wavulana, nao walikuwa wamelala.

Kisagio cha mzee katekista

Katika nyumba ya wazee wetu kulikuwa na kisagio kilichowekwa juu ya kabati, kimejaa vumbi. Babu mmoja wa jamaa alikuwa katekista wakati jimbo letu la Kasongo lilikuwa lingali Vikarieti, yaani kati ya mwaka 1952 na 1959, na kisagio hicho kilimfikia miaka hiyo. Ni cha mtindo ule wa kale: sanduku la mti, juu yake bakuli la chuma la kutilia buni, mpini wa kuzungushia, na chini kisanduku kidogo cha kuvuta kinachopokea unga. Visagio vya namna hii vimetengenezwa Ulaya tangu zamani. Peugeot wa Ufaransa, ambao leo watu huwajua kwa magari na baiskeli, walianza kutengeneza visagio vya kahawa mwaka 1840, kabla ya gari lao la kwanza.

Ndani ya sanduku kuna vitu viwili vyenye meno. Kimoja ni pete ya chuma isiyozunguka. Cha pili ni chuma chenye umbo la pia ya kuchezea watoto, nacho huzunguka ndani ya pete. Pia hiyo imeshikwa na mhimili, yaani ufito wa chuma uliosimama katikati, na juu ya mhimili ndipo mpini unapofungwa. Buni huanguka kati ya pia na pete. Juu nafasi ni pana, na meno makubwa huvunja. Chini nafasi ni nyembamba, na meno madogo husaga. Nati iliyopo kwenye mhimili huinua au kushusha pia, na hivyo nafasi ya chini huongezeka au hupungua. Ukitaka unga laini, wakaza. Ukitaka chembe nene, walegeza.

Tulipokifungua tuliona kwamba meno yalikuwa mazima. Shida ilikuwa pengine. Matundu mawili yanayoshika mhimili, la juu na la chini, yalikuwa yameliwa kwa kuzunguka miaka mingi, hata tundu la chini limekuwa na umbo la yai. Basi mhimili ulikuwa ukiyumba kama mlevi, na pia ilikuwa ikigusa pete upande mmoja na kuachana nayo upande wa pili. Upande mmoja ulitoa vumbi, upande wa pili ulitoa vipande. Watu wengi wakiona hivyo hukaza nati kwa nguvu, wakidhani watapata unga ulio sawa. Kwa kufanya hivyo chuma husaga chuma, na meno hufa.

Tulikipeleka kwa fundi wa vyuma, tukafanya naye marekebisho matatu.

La kwanza lilikuwa kuunyosha mhimili na kuufanya usimame wima. Fundi alipanua kidogo matundu yote mawili kwa tupa ya mviringo mpaka yakawa duara kamili, kisha akatengeneza bushi mbili za shaba, yaani pete ndogo zilizoingia matunduni kwa kugongwa pole pole. Shaba ni laini kuliko chuma. Ikiliwa, itakwisha bushi, na mhimili utabaki salama. Bushi hugharimu kidogo kubadilishwa, bali mhimili haupatikani.

La pili lilikuwa mpini. Ule wa zamani ulikuwa na urefu wa sentimeta 12 tu. Fundi alikata chuma bapa kutoka katika kibebeo cha baiskeli iliyokufa, ile ambayo sisi huku huiita kinga, akatengeneza mpini wa sentimeta 18. Hapa wanafunzi wasikie vizuri, maana somo la wenzo si la kuandika ubaoni tu. Nguvu inayohitajiwa kuzungusha hupungua kadiri mpini unavyoongezeka. Kumi na mbili kwa kumi na nane ni theluthi mbili. Basi mkono unaozungusha wahitaji theluthi mbili tu za nguvu ya kwanza. Lakini hakuna cha bure. Zamani mkono ulikwenda sentimeta 75 kwa kila mzunguko, sasa waenda sentimeta 113. Tumenunua wepesi kwa kulipa mwendo. Kwa mtu mwenye bega bovu, au kwa mtoto wa darasa la sita, biashara hiyo ni nzuri.

La tatu lilikuwa kiti. Kisagio cha namna hii hushikwa katikati ya magoti, na mpini ukiwa mrefu sanduku zima hutaka kuzunguka pamoja nao. Tulikumbuka mbuzi ya watu wa pwani, kile kigoda cha kukunia nazi, ambacho mtu hukikalia na kukizuia kwa uzito wake mwenyewe. Seremala alitupa ubao mnene wenye urefu wa karibu sentimeta 60. Kisagio kilifungwa mwisho mmoja kwa skurubu nne, na mwisho wa pili mtu hukaa. Sasa hakiendi po pote.

Jinsi ya kukitumia

Kabla ya kusaga kahawa mara ya kwanza baada ya matengenezo, yafaa kusaga konzi moja ya mchele mkavu ili kuondoa vumbi la chuma na la tupa. Unga huo hutupwa. Asipewe mtu wala kuku. Kisagio kisioshwe kwa maji, kwa sababu meno hushika kutu. Brashi ngumu na kitambaa kikavu vyatosha. Wala mtu asitie mafuta ya injini kwenye mhimili, maana mwisho wake yataingia kikombeni. Wala asisage humo mahindi, karanga au kitu cho chote chenye maji. Kisagio cha kahawa kiwe cha kahawa peke yake.

Matunda ya kahawa yachumwe yakiwa mekundu, yaanikwe juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo mtupu, na yageuzwe mara kwa mara. Huchukua majuma mawili hadi manne kadiri ya jua, na usiku au wakati wa mvua yafunikwe. Yakiwa makavu kabisa hutwangwa taratibu kuondoa maganda, kisha hupepetwa. Buni nyeusi na zenye matundu ya wadudu zitolewe kwa mkono. Kazi hiyo watoto huifanya kwa furaha kama mchezo.

Kukaanga kwahitaji subira. Sufuria nzito juu ya makaa yasiyo na moshi, na mwiko usiosimama. Buni huwa za manjano, kisha za rangi ya udongo, kisha husikika zikipasuka kama bisi ndogo. Baada ya mlio huo subiri kidogo, ondoa motoni mara rangi inapokuwa ya kahawia iliyoiva, mwaga katika ungo upepete zipoe upesi. Buni nyeusi kama mkaa zimeungua, na uchungu wake hautokani na Mungu bali na mpishi. Kilo moja ya buni hutoa gramu 800 hadi 850 za kahawa iliyokaangwa. Zilizobaki zilikuwa maji na maganda. Ziache zipumzike mpaka kesho yake ndani ya chombo chenye kifuniko.

Saga tu kiasi cha siku ile. Harufu ya kahawa nzima hukaa siku nyingi, lakini kahawa iliyosagwa huanza kupoteza harufu yake siku ile ile. Ili kupima, sugua unga kati ya vidole. Kwa kahawa ya kuchemshwa na kuachwa ituame, chembe ziwe kama chumvi ya jikoni. Kwa wenye kupika kahawa kwa namna ya pwani, katika dele, pamoja na tangawizi, unga uwe laini zaidi. Nati izungushwe kidogo kidogo, robo ya mzunguko kila mara, na mpini uwe unatembea. Gramu 50 hadi 60 kwa lita moja ya maji hutosha. Chemsha maji, epua, tia kahawa, koroga, funika, ngoja dakika nne au tano, kisha mimina pole pole kwa kitambaa safi.

Nani azungushe mpini?

Tulipokirudisha kisagio nyumbani kiliwekwa barazani, si jikoni, na hilo lilifanywa kwa makusudi. Kadiri ya desturi zetu, mchi ni wa wanawake, na mwanamume akishika mchi watu humtazama sana. Lakini mashine haikuwa na desturi bado. Tulipanga zamu: siku moja sisi wenyewe, siku nyingine kijana wetu wa kwanza, siku nyingine mdogo wake. Shemeji yetu akaanga tu na kupika. Siku za kwanza alikataa, akasema haiwezekani mwalimu amsagie mjane kahawa ya kuuza. Tukamwambia: Shemeji, karo ni ya mtoto wetu sote.

Jirani mmoja mzee alipita alfajiri, akatuona tumekalia ubao tunazungusha mpini. Akasimama, akasema kwa sauti ya kusikiwa na njia nzima: «Mwalimu, siku hizi umekuwa mpishi?» Tukamjibu: «Karibu mzee, kunywa kwanza, halafu utuulize.» Akanywa wima bila kuongeza neno, akaomba cha pili. Baada ya juma moja alimtuma mjukuu wake na kikapu cha buni, akiomba zisagwe. Mjukuu huyo ndiye aliyezungusha.

Tangu hapo kisagio kimekuwa na wageni. Katika mwezi wa Ramadhani jirani zetu Waislamu, ambao hapa Kasongo ni wengi na ni ndugu zetu wa damu, huleta buni zao alasiri wapate kahawa baada ya kufuturu. Huzungusha wenyewe, huacha konzi moja kwa ajili ya shemeji, na maongezi hufuata. Tumeona pia kwamba vijana wanaokutana penye kahawa jioni hurudi makwao wakitembea sawasawa, kinyume cha wale wanaokutana penye lotoko. Hatusemi kwamba kahawa huokoa roho. Twasema tu kwamba kikombe chake humwacha mtu na akili zake na feza yake. Watoto wadogo wasipewe, hasa robusta, maana hukosa usingizi. Wao wana kazi ya kuchagua buni.

Bega la mama yule halikupona kwa siku moja. Mpaka leo, mvua ikikaribia, huliminya kwa mkono wa kushoto. Lakini hatwangi tena alfajiri, na asubuhi moja haijapita bila kahawa yake njiani, isipokuwa Dominika, kwa kuwa siku hiyo huenda Misa. Wanunuzi wamezidi, kwa sababu kikombe hakina machicha. Binti hakuacha shule. Yuko mwaka wa nne wa sekondari, na zamu yake ya kusaga ni Jumamosi.

Yosefu wa Nazareti

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Tukiiadhimisha twaombea wafanyakazi wa viwanda, wa migodi na wa ofisi, nayo ni haki. Lakini karakana ya Yosefu ilikuwa nyumbani. Mtoto Yesu alijifunza kazi kwa kuutazama mkono wa baba, na bila shaka Yosefu alitengeneza pia vitu vya jikoni ya Maria. Baba wa jamaa ambaye hajapata kutengeneza chombo kimoja cha kazi ya mkewe, na ajiulize ni nani anayebeba nyumba yake.

Papa Fransisko naye, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alituonya juu ya desturi ya kutupa vitu. Sisi wa Maniema twaweza kudhani kwamba onyo hilo ni la matajiri. Lakini tazameni juu ya makabati na nyuma ya nyumba zetu: cherehani iliyokosa sindano, taa iliyokosa kioo, baiskeli iliyokosa mnyororo. Vyote vyangoja, na huku twaweka akiba kununua vipya ambavyo mara nyingi ni hafifu kuliko vile vya zamani. Kabla ya kununua, fungua ukitazame. Huenda meno ni mazima, na kilichopungua ni bushi mbili za shaba.

Yule asiye na kisagio asikate tamaa. Jamaa tatu au nne zaweza kuchanga na kununua kimoja, wakakiweka kwa zamu. Umoja wa akina mama wa mtaa waweza kufanya vivyo hivyo. Hata mwenye kinu peke yake aweza kukitenga kinu kidogo kiwe cha kahawa tu, akachunga unga kwa chekecheke na kurudisha vipande vitwangwe tena. Na penye kinu pawe na zamu kama penye kisagio. Mchi hauulizi aliyeushika ni mume au mke.

Wazazi wapenzi, msiiache mibuni ya wazee wenu ife majanini. Palilieni, kateni matawi makavu, chumeni, kaangeni. Nanyi wanafunzi, mkisikia mchi alfajiri mngali mmelala, ondokeni mkaulize kama kuna nafasi ya mkono mwingine. Kisha njoni mnywe pamoja, baba, mama na watoto wakubwa, kabla kila mmoja hajashika njia yake. Mungu abariki kazi za mikono yenu.